Jino la Kisima cha Mapinga

Habari za msiba huu zilinifika kwa kuchelewa, wasomaji wangu. Mchimba visima wa Mapinga, aliyewanywesha watu wengi kutoka huko hadi viungani mwa Bagamoyo, amezikwa wiki iliyopita, nami nikasikia watu wakiwa wamekwisha kutoka makaburini. Hatukuwa chanda na pete. Tulijuana tu, na kusema kweli nilimwogopa. Si kwa ukali, maana alikuwa mtulivu kama maji mtungini, bali kwa jambo nililomtendea zamani, nilipokuwa mwalimu kijana wa shule ya kijiji kile.

Mwaka ule vuli haikunyesha. Watoto wa shule yangu walikunywa maji ya dimbwini, na wawili walikuwa wamekwisha kufa kwa kuhara. Tumaini letu lote lilikuwa shimo moja alilokuwa akichimba. Kila asubuhi kabla ya kuteremka alisoma Fatiha na kuwaomba radhi walio chini, kwani desturi ya wachimbaji wa kwetu ni kwamba ukikuta kaburi unalifukia, na maji ya hapo hayanywewi. Alipofika pima nne tukasikia ukelele. Alivutwa juu rangi imemwisha, amekumbatia jino zito kama jiwe, kubwa kuliko kichwa cha mtoto, lenye nundu mbili mbili.

Mzee mmoja aliyewahi kuchukua pembe kutoka bara aliligeuza mara tatu. "Mimi nimelala katikati ya mafuvu ya ndovu," alisema. "Gego la ndovu ni bapa, lina mistari kama tupa. Hili lina nundu kama langu na lako. Hili ni la mtu." Tungekuwa watu tusiowajua ndovu, huenda tusingekosea. Mara ikatajwa kaumu ya Adi, yale majitu yaliyoangamizwa kwa upepo, na watu wakarudi nyuma. Lakini mimi nilijua. Jino kama lile nililiona kwenye picha ya kitabu chuoni nilikosomea ualimu: la mnyama wa kale mno, wa ukoo wa ndovu. Nilifumbua kinywa, nikakifumba. Niliogopa kuambiwa nimeritadi, nimeiacha dini, na wazazi wawatoe watoto shuleni.

Jino likavishwa sanda, likazikwa. Jioni mchimbaji akanivuta kando.

"Mwalimu, naogopa mpaka meno yananigongana. Lakini nikilifukia shimo, watoto watakunywa nini? Nitashuka. Dhambi na iwe yangu peke yangu. Wewe nishikie kamba, wenzangu wamekataa."

Nilimshikia siku mbili. Kamba ilitetemeka, nisijue ni yeye au ni mimi. Siku ya pili maji yalitoka, matamu kabisa, na kijiji kizima kikanywa, kwa kuwa dhambi ilikwisha kupata mwenyewe. Yeye hakuonja hata tone. Miaka yote iliyofuata alikwenda kuteka mbali, na akipita kisimani pale aliangalia upande. Kila mwaka niliazimia kumwambia, na kila mwaka ikazidi kuwa vigumu kueleza kwa nini sikusema tangu mwanzo.

Juzi nilikwenda kuhani. Mjane wake yumo edani, tukazungumza yeye akiwa nyuma ya pazia.

"Mwalimu, mwenzangu amekata roho akiogopa. Alikuwa akiniuliza, lile jitu nitalikuta linanisubiri? Wewe umesoma. Litamdhuru?"

"Shemeji, halikuwa jitu. Lilikuwa jino la ndovu wa kale. Mumeo hakufukua kaburi la mtu."

Akasogea karibu na pazia.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

Nilimsikia akiinuka. Nilingoja mpaka adhana ya alasiri, asirudi, nikavaa viatu vyangu nikaondoka.

Woga wangu, ndugu zangu, ulikuwa wa kupoteza kazi tu, nao ungepita. Nilipoumeza, niliupandisha juu ya kichwa cha mtu mwingine, akaenda nao mpaka kaburini. Basi kama unalo neno la kumtoa mwenzako hofuni, mwambie leo, hata kama sauti inakutetemeka, maadamu bado anakusikia.