Bibi Aliyesubiri Wageni Waondoke

Usiku ule nililala mapema, mwili umechoka kwa kutoa vitu kwenye chumba cha nyuma. Kilikuwa chumba cha Bibi Tabu, mama mzaa mama, aliyefariki miezi minne kabla. Tulitaka kukifanya stoo.

Kijijini kwetu, nje ya Singida, Bibi alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa pale walipokelewa na mikono yake, hata mimi. Miguu ilipomwishia nguvu nikamleta kwangu Morogoro, na majirani wakanisifu. Lakini siku ya posa ya mdogo wangu, upande wa mwanamume ukiwa njiani, nilimkuta Bibi sebuleni, amejifunga kanga mpya, amejipaka mafuta, kikopo cha ugoro mkononi. Nikaona aibu. Nikamwambia, "Bibi, hebu kapumzike chumbani kidogo. Wageni wakiondoka nitakuita."

Nikasahau kumwita. Jioni nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga haijapata hata kunjo. Hakulalamika. Nami sikumwomba radhi, nikampelekea pilau iliyobaki.

Ndotoni nikajikuta kwenye korido ya nyumba yangu, mchana kweupe, ila korido imekuwa ndefu, natembea haiishi. Nasikia vicheko sebuleni. Nasukuma mlango wa chumba cha nyuma, na ndani ni nyumba ya udongo, maji yanachemka jikoni, Bibi amepiga magoti mbele ya mwanamke anayejifungua. Miguu ya Bibi ni mizima. Anampokea mtoto, anamfuta uso, anamnong'oneza jina sikioni. Ni jina langu. Yule mwanamke anageuka, naona ni mama yangu, bado msichana.

Nataka kusema shikamoo, sauti haitoki. Mara moto haupo, mtoto hayupo. Bibi amekaa ukingoni mwa kitanda na kanga yake ile. Ananiuliza taratibu, kama mtu anayeogopa kusumbua:

"Wageni wameshaondoka?"

Nikaanguka miguuni pake. "Walishaondoka siku nyingi, Bibi. Nilikusahau. Nisamehe."

Akanishika kichwa kwa viganja vyote viwili. Vilikuwa na joto.

"Mimi nimeshapumzika," akasema. "Mama yako siku hizi anaongea na redio."

Nikataka kuushika mkono wake, nikashika shuka. Kulikuwa kumekucha, na mume wangu alikuwa ameketi kando yangu akiniuliza nalilia nini.

Tangu tulipomchukua Bibi, mama anaishi peke yake kule kijijini. Mimi huwa namtumia ujumbe mfupi: za huko, sisi wazima. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho kusikia sauti yake, nikakumbuka ni pale tulipokuwa tukimzika Bibi. Nikachukua simu, nikampigia. Ikaita mara moja tu, akapokea.

"Mwanangu, nani amekufa?"

"Hakuna, Mama. Shikamoo. Nimepiga tu, tuongee."

Nikamsikia anavuta kigoda.

"Ngoja basi nikae," akasema. "Nina mengi."