Kocha Msaidizi na Swali la Saba

Kocha wetu msaidizi ndiye pia dereva, mfuaji wa jezi na msimamizi wa masomo. Chuo kimeajiri mtu mmoja kwa kazi zote nne. Mikono yake inanuka sabuni, na saa ya kupimia mbio haimtoki shingoni. Fainali ya softboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, kule mjini Tulsa, Marekani, iligongana na mtihani wa takwimu wa Marisela, mrushaji mpira wetu tegemeo, kwa hiyo Kocha akamsimamia ndani ya basi.

"Kocha, tumeshapigwa nne!" nikapiga kelele mlangoni.

"Punguza sauti, binti. Kuna mtu anafanya mtihani."

"Mimi nimemaliza, Kocha," akasema Marisela.

Kocha akatazama saa. "Una dakika kumi na moja. Rudia swali la saba."

Tulifungwa tisa kwa mbili. Wiki iliyofuata, kwenye ubao wetu wa matokeo, chini ya tisa kwa mbili, Kocha aliandika: "La saba kapata."