Nilipanda mboga ili niing'oe: vile nilipigania shamba yangu ya shu pale Mweso

Wakuu, salamu kwenu wote. Hii sikuhadithiwa na muntu, ilinipata mimi mwenyewe, na siongezi kitu.

Nalima kilima kimoja juu ya Mweso, mu Masisi. Kazi yangu ni shu, yani kabichi. Hizo njo zilisomesha watoto wangu.

Misimu mbili mfululizo zilikatala. Jua likiwaka, majani yanalala. Ukiing'oa, unakuta mizizi imevimba kama tangawizi.

Bwana yangu akachoka. Akasema, "Mama Furaha, tuache. Jirani anatafuta pahali pa kuchungia ng'ombe zake, tumupe hii shamba."

Nikamuomba msimu moja tu. Nilijua ikishakuwa malisho, haitarudi tena kuwa shamba.

Nikapanda moto mpaka Kitshanga kwa agronome mumoja, mutaalamu wa kilimo. (Moto kwetu ni pikipiki, musishituke.)

Akanieleza: ule ugonjwa unalala mu udongo miaka mingi, unaamka ukisikia mizizi ya shu ao ya ndugu zake. Basi uutegee. Panda mboga ya Kichina, ni ndugu ya shu, karibu karibu. Ugonjwa utaamka, utaingia mu mizizi. Siku makumi mbili hivi, kabla haujazaa, ng'oa zote. Mizizi uchome.

Wakuu, ile mboga iliota vizuri mpaka wapita njia walikuwa wanasimama kuiangalia.

Siku ya kung'oa, mama mukwe wangu, tunaishi naye, akanikuta mu shamba.

"Mutoto, watu walikimbia vita wako hapa chini na njaa, na wewe unaharibu chakula?"

"Majani tutakula, na wao tutawagawia, Mama. Mizizi tu njo nataka."

Lile neno lake la kuharibu chakula liliniuma, sitaficha. Lakini niliendelea. Majani tukayapeleka kwa wale wakimbizi. Nikapanda tena, nikang'oa tena. Mara hiyo ya pili nilichoka, nikamuachia mama mukwe kona ya chini amalizie. Sikuenda kuangalia.

Kisha nikapanda shu.

Chache ziliugua, lakini nyingi zikafunga vichwa, nzito. Kona ya chini peke yake ililala yote. Nikazunguka pale siku mbili, sielewi.

Mama mukwe akanifuata.

"Pale niliacha mistari mbili ya ile mboga ya Kichina, sikuing'oa," akasema. "Nilizionea huruma. Nilizificha na matete."

Nilikuwa na hasira, pia nilimuelewa. Nikaenda kuleta jembe ya pili, nikamupa. Tukachimba ile kona sisi wawili, tukatoa kila muzizi, tukachoma.

Bwana yangu akamuambia jirani atafute malisho kwingine.

Nilichojifunza: mutego haumalizi ugonjwa, unaupunguza, na mimea michache ukiiachilia inatosha kuuzalisha upya. Ukiamua kung'oa, ng'oa zote. Na muntu wa kukusaidia umueleze sababu, usimupe amri tu. Hapo njo nilikosea.

Wenye nyanya ao viazi vinavyougulia mu udongo, nyinyi mulitega na nini? Andikeni hapa. Mama mukwe iko pembeni yangu, anataka nimusomee majibu.