Sare ya Watu wa Mama Simama

Sufu iliyolowa ikipigwa pasi hutoa harufu ya kondoo aliyenyeshewa. Sijui nieleze vipi zaidi ya hapo, maana shule yangu ilikatika mapema na maneno mazuri wanayo wengine. Jumapili iliyopita nilikuwa napanga nguo za zamani, nikaikuta sketi yangu ya miraba, nyekundu na kijani, yenye mstari mwembamba wa manjano. Nikaipitisha pasi, nione tu kama marinda yake bado yanakaa. Mvuke ulipopanda nikawa tena na miaka kumi, Bordesley Green, huku kwa Waingereza, kwenye ile nyumba ya matofali iliyobanwa na nyingine kushoto na kulia.

Mwaka huo Mama Mdogo Furaha, mdogo wake mama yangu, alikuwa anaolewa. Wewe uliyetoka pande zetu za Uvira huhitaji kuambiwa kwamba arusi bila sare si arusi. Ndugu wote wanavaa kitambaa kimoja, na kwa kitambaa hicho wageni wanajua nani wa kumpa hongera, nani wa kumwomba maji, nani wa kumtuma jikoni. Mama alikuwa na msemo wake: "Ukivaa sare, umeshajibu kabla hujaulizwa."

Tulitafuta kitenge cha kuwatosha watu kumi na wanne tukakosa. Ndipo sokoni mjini tukakuta jora zima la sufu ya miraba kwa mzee mmoja Kalasinga, mzaliwa wa Kisumu, aliyekuwa anaongea Kiswahili kwa haraka kuliko sisi.

"Mama, hii mali ya Uskoti, naapa! Shika mwenyewe!"

Mama alishika, akasugua kati ya vidole, akanusa. Nisimsingizie yule mzee: alituonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye jora, akasema hilo ni jina la ukoo. Lakini vitenge vyetu vyote vina maandishi pembeni, na maandishi hayo ni jina la kiwanda. Kwa hiyo mama aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kitambaa kimetengenezwa wapi, na tukabeba.

Wiki mbili nyumba ilinguruma kwa cherehani. Nyuzi nyekundu zilikuwa kwenye kapeti, kwenye soksi, siku moja hata kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Sketi yangu ilikwisha ya kwanza. Nilizunguka nayo sebuleni mpaka marinda yakafunguka kama mwavuli, nikaanguka, nikainuka, nikazunguka tena. Mama Mdogo Furaha akacheka: "Mapendo, bibi arusi ni mimi ama ni weye?" Ukweli ni kwamba sikuwa na uhakika.

Shule ilitangaza Ijumaa ya kuja na nguo za nyumbani, siku nane kabla ya arusi. Niliomba, nikalia kidogo, nikaruhusiwa kuivaa.

Mbele ya shule alikuwepo mama wa kutuvusha barabara, mwenye koti refu la manjano na bango la duara juu ya mti mrefu. Jina lake Jean, lakini nyumbani tulimwita Mama Simama, kwa sababu ndivyo bango lilivyoandikwa na magari yalimtii. Asubuhi ile alisimama katikati ya barabara, akaiona sketi yangu, akasahau kutupitisha.

"Umeipata wapi hiyo, mpenzi wangu?" aliuliza kwa Kiingereza chake cha Uskoti. "Hiyo ni ya watu wa mama yangu."

Magari yakaanza kupiga honi. Sauti yake sidhani ilikuwa ya hasira. Ila mtoto wa miaka kumi, katika lugha ambayo hajaizoea, atajuaje hasira na kitu kingine?

Jioni nikamwambia mama. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikunyamaza. Mama aliinua mguu kutoka kwenye cherehani.

"Kumbe ni sare ya batu," alisema, maana kwetu watu ni batu. "Tumevaa sare ya batu bila kuitwa."

Akatukumbusha habari ya mwanamke wa kwetu aliyejinunulia kitambaa sokoni, akaingia nacho arusini bila kujua ni sare ya wenye shughuli. Alimenya mihogo tangu asubuhi, akateka maji, akakemewa kwa uvivu. Jioni alipoulizwa yeye ni mtoto wa nani, ndipo ikajulikana si wa ndugu. Siku nyingine tulikuwa tunaicheka sana habari hiyo.

"Dada, bale Baskoti batajuaje?" Mama Mdogo alilalamika. "Beko mbali."

"Mwenye sare hayuko mbali. Anavusha mutoto wetu barabara kila asubuhi."

"Basi nitaolewa nimevaa magunia!"

"Ukitaka. Lakini hakuna atakayevaa hii mpaka mwenyewe aseme ndiyo." Akanigeukia. "Na weye, kinywa chako hakina mlango."

Sketi ikakunjwa, ikawekwa juu ya kabati. Jumamosi na Jumapili nililala nikiiangalia, hata chakula nilikula nimeelekea kabati. Lazima niseme haki: Mama Mdogo aliumia kuliko mimi, na hakunipiga.

Jumatatu mama alivaa kitenge chake cha heshima, akafunga maandazi kwenye kitambaa cheupe, tukaenda. Tulingoja mpaka watoto wengi wamevuka. Kisha akasimama mbele ya Mama Simama, akapiga goti kidogo, akaniambia nitafsiri.

"Mwambie tumevaa sare ya ukoo wao bila kuitwa. Hatukujua. Tumekuja kuomba. Akikataa tutafumua yote, na hatutakuwa na kinyongo."

Hayo niliyatafsiri sawasawa.

Mama Simama aliangalia maandazi, akaangalia goti la mama, akawa mwekundu mpaka masikioni. Aliongea mengi. Alisema hakuna sheria, mtu yeyote anaweza kuvaa, isipokuwa miraba michache iliyowekwa kwa ajili ya nyumba ya malkia. Alisema iko hata ile iliyofumwa kwa ajili ya wasio na ukoo. Kinachotakiwa ni adabu tu: usijiite wa ukoo ambao si wako, usiivae kama mzaha. Halafu akashusha sauti. Alisema yeye siye wa kutoa ruhusa. Mama yake ndiye alikuwa wa watu wale. Yeye anabeba jina la baba, na siku zote alikuwepo mtu wa kumwambia ile si yake. Hajawahi kuivaa, hata skafu.

Kengele ya shule ikalia.

"Amesema nini?" mama akauliza.

Niliiona sketi juu ya kabati. Niliona Jumamosi ya arusi inakuja.

"Amesema ndiyo," nikajibu. "Amesema amefurahi."

Katika maneno yote yale nilitoa hayo tu. Najitetea kwamba haukuwa uongo mzima, kwani alisema yeyote anaweza. Lakini mama hakuwa ameuliza sheria. Aliuliza kama mwenye sare amekubali.

Mama akamtazama yule mwanamke kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwambie mwenye sare haalikwi kama mgeni. Asimame vizuri." Na pale pale kando ya barabara akaanza kumpima kwa shibiri, kutoka begani mpaka nyongani. Mama Simama alisimama wima na bango lake.

Kitambaa chenyewe kilikuwa kimekwisha. Usiku huohuo mama alifumua kilemba chake mwenyewe cha arusi, cha miraba ileile, akakiunga kuwa mshipi mpana wa kupita begani, kama Mama Simama alivyotuambia, akipimwa, wanawake wa kwao wanavyovaa. Nilidhani mama anampa heshima ya mwenye mali. Nilikaa na furaha yangu na hatia yangu, na nikiri kwamba furaha ilikuwa kubwa zaidi.

Siku ya arusi, katika ukumbi wa kupanga kule Tyseley, tuliingia miraba mitupu, vigelegele mpaka madirisha yakatetemeka. Nilizunguka mpaka nikaona nyota. Mama alikuwa na kilemba cheusi kisichofanana na chochote.

Miaka miwili iliyopita ndipo nilimwambia mama ukweli. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata macho.

"Nilijua," alisema. "Mutu mwenye kitu chake hashushi sauti vile. Alikuwa anaongea kama mutu aliye inje ya mlango. Ndiyo maana nilimpima."

Sijui kama alijua siku ile au alijua palepale kwenye maharage. Mama anapenda kuwa ndiye aliyejua. Lakini kilemba alikifumua kweli, hilo niliona kwa macho yangu, na mtu hafumui kilemba chake kwa ajili ya mwenye mali aliyempa ruhusa bure. Mimi nilidhani mama alikwenda pale barabarani kuomba, kumbe kabla kengele haijamaliza kulia alikuwa ameshaanza kutoa.

Na nakumbuka hili la siku ya arusi. Mama Simama alikuwa amewekwa kiti cha mbele, mgongo umenyooka, mkono mmoja juu ya mshipi kama anayeogopa utaondoka. Shangazi mmoja wa Bujumbura, ambaye hakujua habari yoyote, akachungulia kutoka jikoni, akaona miraba, basi.

"We wa sare! Umekaa kama nani? Njoo ushike mwiko!"

Nilikimbia kwenda kutafsiri. Nilipofika, Mama Simama alikuwa ameshavua koti, amekunja mikono ya nguo, anasonga ugali.