Taa Mbili Ndani ya Pipa

Mume wangu alikuwa polisi mzamiaji. Watu wakisikia hivyo hudhani ilikuwa kazi ya sifa. Sifa gani! Ziwa letu chini ni giza na tope tupu, na miaka ile ya utawala wa jeshi kulikuwa na mengine humo zaidi ya samaki.

Kaka yangu walimchukua mchana kweupe sokoni Nakasero, watu wa miwani myeusi. Nilikwenda kumtafuta hospitali ya Mulago, chumba cha maiti, nikafukuzwa kama mbwa. Mwishowe mvuvi mmoja akaninong'oneza: wanaochukuliwa hutupwa ziwani, pale gatini. Wiki hiyohiyo lori likatumbukia hapo, na mume wangu akaamriwa ashuke kulitafuta. Nikamwambia, "Baba watoto, ukiwa kule chini mtafute na kaka yangu. Nataka kumzika tu."

Akaitikia kwa kichwa. Jioni akaja na taa mbili za kuzamia kutoka stoo ya kazini, achague moja. Tulikaa kwenye nyumba za polisi, Nsambya, na uani tulikuwa na pipa la maji ya mvua. Nikakoroga udongo humo mpaka maji yakafanana na ya ziwani, nikazamisha mkono. Akaanza na taa kubwa, ya mwanga mpana. Mama wee! Maji yote yakawa meupe kama chai ya maziwa, mkono siuoni. Tope lile linakurudishia mwanga usoni. Kisha akaingiza ile ndogo, ya mwanga mwembamba, akaishika pembeni, mbali na macho. Nikaona vidole vyangu vyote, hata pete.

"Hii!" nikapiga kelele kwa furaha. "Chukua hii!"

Akaifuta kwa shati lake.

Asubuhi, alipokwisha kuondoka, nikaikuta ile ndogo juu ya kabati. Nikadhani kasahau, bambi, maskini wa watu. Nikaifunga kwenye kanga, nikapanda basi mpaka ziwani, njia nzima nikiulaani usahaulifu wake. Nilimkuta gatini amekwisha kuvaa, taa kubwa mkononi, na wanajeshi wawili wamesimama kando wakiyatazama maji. Nikamsogelea, nikamwonyesha nilichobeba.

Akainama kama ananiaga. "Irudishe nyumbani, mama watoto. Macho hayana pazia. Nikimwona, usoni mwangu hawa watajua nimeona."

Akashuka. Alipoibuka akasema kwa sauti, "Lori lipo, afande, nimeligusa. Zaidi ya hapo sikuona kitu. Maji machafu."

Mwanajeshi mmoja akacheka, akampiga begani. "Taa nzuri hiyo. Endelea nayo."

Ndugu za mume wangu husema aliwaokolea wanangu baba yao. Ni kweli, na sijamsamehe. Kaka yangu hajazikwa, na siku ile nilisimama pale gatini, juu yake, taa ya kumwonea nimeikumbatia kifuani.