Jicho la Mama Keza Katika Basi la Posa

Mukamusoni alikuwa akijua mambo ya watu muda mrefu kabla hajaanza kulipwa kwa ajili hiyo. Alipokuwa akikata tiketi katika ofisi ya mabasi hapa Gisenyi, aliweza kukuambia nani anakwenda Musanze kumwona daktari, na nani anasema tu kwamba anakwenda kumwona daktari. Hakuwa mmbeya. Mmbeya huyapeleka maneno. Yeye aliyapokea, akayaweka, akayacheka peke yake huku akipiga muhuri.

Kwa hiyo Kayitare, mwenye kampuni, alipofunga kamera katika magari yake yote, na kijana wa kwanza aliyeajiriwa kuzitazama akasinzia, na wa pili akahamia Kigali, alimwita Mukamusoni na kumsogezea kiti mbele ya kompyuta.

"Mama Keza, we kila siku unachungulia maisha ya batu bure," alimwambia. "Ikala hapa, uchungulie na mushahara."

Kila gari lilikuwa na kamera mbili juu ya kioo cha mbele. Moja ilitazama barabara, nyingine ilimtazama dereva na abiria walio nyuma yake. Picha zote zilipita mtandaoni hadi kwenye ukurasa mmoja ambao Mukamusoni aliufungua kwa nenosiri lake, kwenye kompyuta ya ofisi au kwenye simu. Humo mlikuwa na ramani, na juu ya ramani vitone vya kijani vikitambaa kama viwavi kwenye kabichi. Kila kitone kilikuwa gari. Dereva akizidisha mwendo, akiachia usukani au akipiga miayo, kitone chake kiligeuka chekundu na ukurasa ukalia. Hapo Mukamusoni aliruhusiwa kufungua sauti ya garini, asikilize na aseme. Kitone kikiwa kijani, hapana. Hiyo ilikuwa amri ya Kayitare, naye aliitii, ingawa kwa huzuni.

"Hakimu," sauti ya Mukamusoni ilimtokea dereva kwenye kioo juma lile la kwanza, basi likiwa limejaa, "toa kidole kwenye pua, ushike usukani."

Abiria walicheka mpaka basi likafika Nyundo.

Hakimu alikuwa mtoto wa mjini, wa ukoo wa Waislamu waliouza vitambaa sokoni tangu enzi za babu zao, na kushindwa na mwanamke aliye ofisini hakukumkalia vizuri. Alitundika kofia yake juu ya kamera. Mukamusoni alimwambia kofia hiyo inahitaji kufuliwa. Akanunua miwani myeusi ili mashine isiyaone macho yake. Ukurasa ukalia: dereva haonekani.

"Hakimu, mashine inasema gari inajiendesha yenyewe. Kama ni kweli, mushahara wako tuipe gari."

"Muipe tu, Mama Keza. Lakini muipe na mama mukwe wangu."

Ndivyo walivyoishi, kwa vita na kicheko, hadi ikafika posa ya Keza.

Keza alikuwa binti pekee wa Mukamusoni. Baba yake alikwisha fariki, na mahali pake alisimama mjomba, Bizumuremyi, kaka mkubwa wa Mukamusoni, mstaafu wa ofisi ya ardhi. Wote wawili walizaliwa ng'ambo, Masisi nchini Kongo, wakarudi Rwanda wakiwa watu wazima. Bizumuremyi alikuwa mtu wa heshima na wa polepole. Ukimwuliza habari za asubuhi, alifikiri kwanza.

Sasa, kwetu siku ya posa, tunayoiita gusaba, si siku ya watu wa polepole. Msemaji wa wageni anasimama chini ya hema kuomba binti. Msemaji wa wenyeji anamzungusha. Binti yupi? Alishachumbiwa. Yuko masomoni. Hatumjui. Mgeni lazima ajibu kila hila kwa hila, na watu wanahukumu kwa vicheko. Kila mtu anajua kwamba mwishoni binti atatolewa. Lakini anayeshindwa kwa maneno anabeba aibu mpaka nyumbani, tena anaibeba miaka.

Bizumuremyi alikuwa na ya kwake. Kwenye posa ya Akaliza, binti wa binamu yao, alisema Akaliza amekwenda kusoma Ubelgiji. Msemaji wa wageni akauliza, "Basi aliyetukaribisha soda pale mlangoni ni mzimu wake?" Bizumuremyi akafikiri. Alifikiri mpaka chakula kikaletwa. Tangu siku hiyo akipita kwenye stendi ya pikipiki, kuna atakayeita, "Mzee, Ubelgiji twende?"

Mashangazi wa ukoo wao walikuwa wameamua kwamba posa ya Keza isemewe na mtu wa kukodi kutoka Kigali, mwenye maikrofoni yake mwenyewe. Bizumuremyi aliwaomba wampe nafasi moja tu. Walikubali kwa sharti: akishindwa tena, neno la ukoo litaondoka kwake moja kwa moja, na kwenye posa na harusi zote atakaa nyuma pamoja na wanaolinda viatu vya watoto. Mukamusoni alimwona kaka yake usiku na mchana akiandika, akifuta, akijisemea mbele ya kuku. Ilimuuma.

Mchumba alikuwa Sano, bwana shamba wa viazi huko Bugeshi, kijana mpole. Tatizo lilikuwa baba yake mdogo, Jean de Dieu, mfanyabiashara wa viazi aliyeweza kukuuzia gunia lako mwenyewe ukamshukuru. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji. Watu wa Bugeshi walikodi basi la Kayitare kwa sababu lilikuwa safi, na dereva wake siku hiyo alikuwa Hakimu. Walijua mama wa bibi harusi anafanya kazi katika ofisi ya mabasi. Walidhani bado anakata tiketi.

Jumamosi hiyo Mukamusoni alikuwa chumbani, dada zake wakimfunga mushanana, vazi la sherehe, begani, simu ameisimamisha mbele ya kioo cha kujitazamia. Zamu ya kutazama kamera ilikuwa ya mtu mwingine, lakini nenosiri halina likizo. Alifuata kitone kimoja tu, kikishuka polepole kutoka Bugeshi. Kilikuwa kijani. Kikaendelea kuwa kijani. Halafu kikawa chekundu: dereva anapiga miayo.

Alifungua. Hakimu alikuwa amepanua kinywa mpaka koo likaonekana, macho ameyaelekeza kwenye kamera. Akafunga kinywa, akakipanua tena. Siku nyingine yoyote Mukamusoni angejiuliza ni usingizi gani huo unaokutazama usoni. Lakini nyuma ya Hakimu walionekana wazee wenye suti, na Jean de Dieu amesimama, ameshika kiti, anasema kwa sauti ya mnada.

"Bon, bazee. Kama banasema mutoto iko masomoni, jibu iko. Kama banasema ameshachumbiwa, jibu iko. Lakini kama banasema ameingia utawa, tumekwisha! Mutu gani atashindana na Kanisa?"

"Mungu aepushe," mzee mmoja alisema, akijipangusa paji la uso.

"Amina," sauti ya mwanamke ikaitikia kutoka viti vya nyuma.

Mukamusoni alizima sauti. Alipigana na dhamiri yake kwa muda wa kufunga pini moja ya mushanana, kisha akachukua simu, akatoka nyuma ya nyumba, ambako kaka yake alikuwa amesimama na karatasi zake karibu na masufuria.

"Yaya," alimwambia, kama walivyowaita kaka wakubwa huko Masisi, "tupa hizo karatasi kwenye moto."

"Nitupe? Sijalala kwa sababu yazo."

"Utasema Keza ameingia utawa."

"Mutoto iko pale ndani anapaka kucha rangi, we unasema ameingia utawa?"

"Sema hivyo tu. Mi najua."

"Unajua namna gani?"

"Bikira Maria amenionyesha."

Simu ikalia mkononi mwake. Hakimu alikuwa amepiga mwayo mwingine. Bizumuremyi aliitazama simu, akamtazama dada yake.

"Bikira Maria iko na mutandao siku hizi?" aliuliza. Hakungoja jibu. Akazitia karatasi motoni, na Mukamusoni akamnong'oneza neno kwa neno yale aliyoyasema Jean de Dieu basini.

Wageni wakafika, wakaketi upande wao wa hema. Ya hemani yalisemwa kwa Kinyarwanda. Nayaleta kwa Kiswahili kadiri yanavyobebeka. Jean de Dieu alisimama, akasifu mlima, ziwa, nyumba, na mwisho akaomba ua lililochanua ndani ya nyumba hiyo, Keza.

Bizumuremyi aliinuka. Kwa mara ya kwanza maishani hakufikiri.

"Mmechelewa, wageni wetu. Keza ameolewa na asiyezeeka wala kufa. Ameingia utawa. Kama mna ugomvi, nendeni mkagombane na Mungu."

Hema lililipuka kwa makofi. Mashangazi walitazamana. Jean de Dieu akaketi, akashika kichwa, akakitikisa, akatoa kitambaa. Mukamusoni aliiona furaha ya kaka yake ikipanda usoni kama maziwa yanayochemka.

Ndipo katika safu ya mwisho ya wageni akasimama mwanamke mfupi aliyejifunika koti kubwa, kama mtu mwenye homa ya baridi ya Bugeshi. Akavua koti. Ndani yake kulikuwa na nguo nyeupe, rozari, na shela ya utawa.

"Mimi ni Sista Mukeshimana, shangazi yake Sano," alisema kwa upole. "Wasichana wanaoomba kuingia shirika letu, ni mimi ninayewapokea. Keza alikuja. Tukamrudisha. Anacheka wakati wa sala, na anakula na fungu la wenzake."

Hata wapiga ngoma waliinama kwa kicheko. Na kutoka ndani ya nyumba, dirishani, kikasikika kicheko kingine, cha msichana, ambacho ukoo mzima ulikijua.

"Mzee wangu," Jean de Dieu aliuliza, amekwisha simama, amenyooka kama mlingoti, "Kanisa limemwachia, na sauti yake tumeisikia. Nani mwingine anamshikilia?"

Bizumuremyi akaanza kufikiri. Kimya kile cha Ubelgiji kilianza kushuka juu ya hema. Shangazi mmoja alikwisha toa simu kwenye mkoba, bila shaka kumtafuta mtu wa Kigali. Mukamusoni alitamani ardhi immeze pamoja na mushanana yake. Karatasi zilichomwa kwa neno lake. Kaka yake amesimama uchi mbele ya watu, na aliyemvua ni yeye.

Bizumuremyi hakuwa na hila ya pili. Alikuwa na kile tu alichokuwa nacho katika ofisi ya ardhi, watu wawili wakigombea mpaka: aliuliza maswali mafupi, polepole.

"Sista, watawa husema uongo?"

"Hapana, mzee."

"Leo, ndani ya basi, ulimsikia Jean de Dieu akisema neno la utawa litawamaliza?"

Sista alimtazama Jean de Dieu. Jean de Dieu alilitazama hema.

"Nilimsikia."

"Ulijua ni uongo?"

"Nilijua."

"Ukafanya nini?"

Sista alishika rozari yake.

"Nikaitikia Amina."

Hapo hakuna aliyebaki na heshima yake. Wazee walilia machozi. Padri wa parokia, aliyealikwa na kuketi katikati, alijifunika uso kwa kofia.

"Ngojeni!" Jean de Dieu alipaza sauti juu ya vicheko. "Na wewe, mzee, ya ndani ya basi umeyajuaje?"

Vichwa vyote vikageuka kwa Mukamusoni. Kayitare, aliyealikwa kama bosi wake, aliishusha chupa ya soda polepole kutoka mdomoni.

"Dada yangu ameajiriwa kuwatazama," Bizumuremyi alijibu. "Nyinyi mmeajiriwa na nani kumdanganya mama mkwe kabla hata hajawa mama mkwe?"

"Na dereva!" Jean de Dieu alisema, akimwonyesha Hakimu, ambaye alikuwa nyuma kabisa na sahani ya wali. "Tulipopanda tu akatuambia tuseme vizuri, mama mkwe yumo kwenye kioo. Miayo aliahidi kutupigia yeye, ili mama mkwe afungue sauti."

Hakimu aliendelea kutafuna. Hakukana.

"Basi," Bizumuremyi alisema, na safari hii alifikiri, na watu wakamngoja kwa hamu, "nyinyi mmekuja na ulimi wa uongo, sisi tumewapokea kwa sikio la wizi. Watu wa namna hii hawawezi kukataana. Wamekwisha kuwa ndugu. Keza ni wenu. Lakini Sista atasali rozari nzima kwa ajili ya Amina ile, na kwa ajili ya dada yangu, asije akafunga kamera nyumbani kwa watoto."

Shangazi alirudisha simu kwenye mkoba.

Wakati wa chakula Kayitare alimsogelea Mukamusoni, uso mkavu.

"Kile kitone. Kilikuwa rouge?"

"Chekundu kabisa, patron."

"Miayo?"

"Miayo mingi."

"Bon. Donc ulikuwa kazini." Na akaenda kujiongezea samaki.

Jumatatu Mukamusoni alifungua ukurasa wake. Kwa kila kitone chekundu ulitaka aandike hatua iliyochukuliwa. Aliandika kwamba dereva Hakimu ameonekana na uchovu mwingi na hatakiwi kuendesha mpaka apumzike. Akamweka kwenye kiti pembeni yake, siku nzima, chini ya macho yake, bila kioo wala kofia katikati yao.

"Mama Keza, mi sina usingizi."

"Mashine imekuona, mwanangu. Lala."

Jioni hiyo mashangazi walifika nyumbani kwa Bizumuremyi wakiwa wamejifunga vitenge vizuri. Kulikuwa na posa nyingine ya ukoo karibuni, huko Busasamana, na wageni wake walisifika kwa ulimi mkali. Walimwomba aseme yeye. Suala la mtu wa Kigali hakuna aliyeligusa.

Bizumuremyi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akafikiri kwa muda wake wa kawaida.

"Nitasema," alijibu. "Lakini kwanza mniambie: hao wageni watakuja na gari ya nani?"