Jirani Aliyetoka Pune

Usiku kucha nilikaa karibu na simu nikisubiri habari za mwanangu Protas, anayesoma Pune, India, ambaye mara ya mwisho tulipozungumza alikuwa na homa kali. Jirani yangu wa ghorofa ya juu alikuwa amerudi kutoka huko jioni, lakini hakunipigia. Huyu hata akienda mji wa jirani tu, Bloomington, hurudi na hotuba. Asubuhi nikamgongea. Alifungua mlango nusu, akaanza palepale, akitikisa kichwa kama Wahindi, kidole kikichora mitaa hewani: chai wanainywa wima kwa vigilasi vidogo, pikipiki moja inabeba familia nzima, ng'ombe akilala barabarani basi linamsubiri.

"Huku kwetu kumelala, Mama Protas!"

"Na mwanangu, kaka?"

"Mzima kabisa! Amenenepa, anakusalimu."

"Raba nilizokupa zilimtosha?"

"Kama alipimwa!"

Akarudi kwa ng'ombe wake. Mimi nikainamisha macho. Miguuni alivaa raba nyeupe zenye kamba nyekundu nilizozitia kwa mkono wangu, visigino vyake vimezikanyaga nyuma kwa kuwa zilimbana. Akafuata macho yangu, akafunga mlango taratibu.

Nikagonga tena. "Ulimwona au hukumwona?"